Ghorofa moja, warithi sita: ushuru wa kodi ya nyumba ulivyokwama ngazini

Mtaa, namba ya kiwanja na kazi za wahusika vimebadilishwa au kuachwa, na tarakimu zimesawazishwa kidogo ili hesabu ifuatike. Jambo la lugha kwanza. Mombasa neno "kodi" lina mabwana wawili: pesa ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na pesa ya raia kwa serikali. Katika kisa hiki mkanganyiko huo ulileta hasara, kwa hiyo hapa "kodi" ni ya mwenye nyumba na "ushuru" ni wa serikali.

## Usuli

Nyumba yenyewe iko kisiwani. Chini kuna maduka matatu, juu kuna fleti kumi na mbili. Ilianza kuwa nyumba ya Kiswahili ya makuti, ikawa ya mabati, kisha mzee akaipandisha ghorofa kidogo kidogo kwa pesa zake mwenyewe bila mkopo wa benki. Kiwanja si chake. Ni "nyumba bila ardhi", utaratibu ambao Mombasa nzima inaujua: ukuta ni wako, udongo ni wa familia nyingine, na kila mwezi unapeleka ijara. Mizizi yake iko katika usajili wa ardhi za Pwani chini ya sheria ya hati miliki ya 1908, ambapo waliosajili walibaki na ardhi na waliokuwa wakiishi juu yake wakabaki na nyumba.

Mzee alifariki mwishoni mwa 2018. Aliacha mjane, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Kwa hesabu ya mirathi ya Kiislamu mjane ana thumuni, na saba ya nane iliyobaki hugawanywa mtoto wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Hapa hesabu iliangukia pazuri: mjane sehemu moja ya nane, kila binti moja ya nane, kila mwana mbili ya nane.

Mapato nyumba ikijaa yalikuwa hivi. Fleti nane za vyumba viwili kwa shilingi 18,000 na nne za chumba kimoja kwa 12,000 hufanya 192,000 kwa mwezi, yaani 2,304,000 kwa mwaka. Maduka matatu kwa 25,000 kila moja huongeza 900,000 kwa mwaka. Gharama za mwaka zilikuwa kama 420,000: ijara 48,000, keyateka (mwangalizi wa nyumba) 180,000, taka na umeme wa ngazi 72,000, na ukarabati 120,000.

Sheria nayo ilibadilika mara mbili ndani ya kipindi cha kisa. Ushuru wa mapato ya kodi za makazi ulianza 2016 kwa 10% ya kodi ghafi, bila kutoa gharama yoyote, kwa mkazi wa Kenya anayepokea zaidi ya shilingi 144,000 kwa mwaka na asiyepita milioni 10. Tangu Januari 2021 mipaka ikawa zaidi ya 288,000 hadi milioni 15. Tangu Januari 2024 kiwango kikashuka hadi 7.5%. Hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi ya duka haimo humo kabisa. Hiyo huingia kwenye ushuru wa kawaida wa mapato, pamoja na gharama zake.

## Mambo yalivyokwenda

Mzee hakuwahi kulipa ushuru huu hata mwezi mmoja. Baada ya matanga, mwana mkubwa akawa ndiye mkusanyaji. Nusu ya wapangaji walimtumia kwa M-Pesa, waliobaki walimpa keyateka mkononi. Keyateka alikuwa na daftari la mistari lenye safu nne: namba ya mlango, jina, pesa, na safu ya mwisho aliyoandika herufi "B" kila mpangaji aliposema bado. Daftari hilo litarudi mbele.

Bi mkubwa, yaani mjane, aliamini kwa dhati kwamba nyumba inalipa kodi ya serikali, kwa sababu kila mwezi alimwona mtu akija kuchukua "kodi ya kiwanja". Ilikuwa ijara. Hakuna aliyemweleza tofauti, wala hakuna aliyekuwa na haja ya kumweleza.

Mwaka 2020 korona iliifunga Mombasa ya hoteli na utalii. Wapangaji watatu walirudi bara, wengine walilipa nusu, na kodi za makazi zikashuka hadi 1,560,000. Desemba mwaka huo Mahakama ya Kadhi ikatoa uamuzi wa mafungu. Mwaka 2021 kodi zilipanda hadi 1,980,000, mwaka 2022 zikafika 2,208,000, na 2023 nyumba ikajaa tena.

Kilichofumua mambo kilikuwa duka moja. Mpangaji wake ni tawi la biashara yenye hesabu zilizokaguliwa. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa ofisi ya ushuru, haikubaliki kupunguza faida inayotozwa ushuru. Mhasibu wa biashara hiyo akaandika kwa adabu: kodi ya Januari italipwa ikija ankara. Mwana mkubwa hakuwa na eTIMS, na PIN, yaani namba ya mlipa ushuru, aliipata tu kwa sababu ya kuomba leseni ya udereva. Akajisajili, akatoa ankara tatu kwa duka lile moja, na mlango ukawa umefunguka: mtu ambaye kila mwaka aliwasilisha ritani (taarifa ya mapato ya mwaka) ya sufuri sasa anaonekana anapokea kodi.

Mwanzoni mwa Machi 2024 yakaja makadirio. Ofisi ya ushuru, ikiwa haina taarifa nyingine, ilichukulia milango yote kumi na tano ni makazi, imejaa miaka yote mitano kuanzia 2019, na yote ni mali ya mtu mmoja: 3,204,000 mara 10% mara miaka mitano, jumla 1,602,000 kabla ya faini na riba.

Wiki tatu za kwanza zilipotea. Mwana mkubwa alikwenda ofisini mara nne akaeleza kwa mdomo, akasikilizwa vizuri, akarudi nyumbani akidhani ameshapinga. Pingamizi la mdomo halipo. Sheria ya taratibu za ushuru ya 2015 inataka pingamizi la maandishi ndani ya siku 30, lenye sababu bayana, mabadiliko yanayoombwa, hati za kuthibitisha, na malipo ya sehemu isiyobishaniwa au mpango wa kuilipa. Mshauri wa ushuru aliitwa siku ya 24. Pingamizi likaingia kwenye iTax, tovuti ya ofisi ya ushuru, siku ya 29 bila viambatisho, likarudishwa kwamba halijakamilika, likakamilishwa kwa daftari la keyateka, uamuzi wa Kadhi, taarifa za M-Pesa za miezi sitini na hati za kiapo za mabinti wawili waliokuwa wakipewa fungu lao mkononi.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutenganisha maduka na makazi. Mwana mkubwa alitaka yote yaachwe pamoja kwenye 10% "tumalize". Haikuwezekana kisheria, na hata kwa maslahi haikufaa: kwa maduka gharama zinatolewa. Zikagawanywa kwa uwiano wa kodi, 75,000 kwa 267,000, yaani kama 28% kwa maduka na 72% kwa makazi. Maduka yaliingia kwenye ritani ya mwaka ya kila mrithi kulingana na fungu lake. Hayana mengi ya kufundisha hapa.

Uamuzi wa pili ulikuwa mzito: nani hasa ndiye mpokeaji wa kodi? Mshauri alijenga hoja kwamba tangu uamuzi wa Kadhi mwana mkubwa alikuwa mkusanyaji tu, na kila mrithi anapimwa kwa fungu lake. Kwa 2019 na 2020 hilo halikubadilisha kitu. Hata thumuni ya mwaka wa korona ilikuwa 195,000, juu ya 144,000, kwa hiyo 10% ilikuwa ile ile iwe kwa mmoja au kwa sita. Ila kuanzia 2021 kizingiti kilipopanda, thumuni ikawa 247,500, kisha 276,000, kisha 288,000 kamili. Sheria inasema "zaidi ya" 288,000. Mjane na mabinti watatu walitoka nje ya ushuru huu, mwaka wa mwisho kwa tofauti ya shilingi moja.

Uamuzi wa tatu ulihusu msamaha. Sheria ya Fedha ya 2023 ilifungua dirisha: anayelipa deni lote la ushuru la hadi tarehe 31 Desemba 2022 kufikia tarehe 30 Juni 2024 anasamehewa faini na riba. Familia iliamua kulipa kwa kutumia kodi ya miezi miwili iliyozuiwa isigawanywe, na kilichopungua kikatoka kwa mkopo wa sacco. Hapo pia kulikuwa na mvutano. Juni 25 watu waliingia barabarani nchi nzima kuhusu Mswada wa Fedha wa 2024, kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi, na mwana mdogo akashauri wangoje kwa sababu "huenda yote yakafutwa". Mswada uliokataliwa haukugusa deni lao. Walilipa Juni 28.

Uamuzi wa nne haukuonekana mkubwa wakati ule. Binti wa tatu ni muuguzi mwenye mshahara wa serikali. Fungu lake la 288,000 halimo kwenye ushuru wa makazi, lakini kutokuwamo humo hakumaanishi kusamehewa. Mapato yaliyo chini ya kizingiti huenda kwenye ritani ya kawaida na kujumlishwa na mshahara. Mama na mabinti wengine wawili hawana mapato mengine ya kutosha, na unafuu binafsi, yaani punguzo la ushuru la kila mtu, wa 28,800 kwa mwaka unameza ushuru wote. Mshahara wa muuguzi ulikuwa umeshavuka 388,000 kwa mwaka, kwa hiyo kila shilingi ya kodi inayoongezeka hutozwa 30%. Aliamua kutangaza. Sababu aliyoitoa ni kwamba mwajiri wake ni serikali, na PIN yake haina pa kujificha.

## Matokeo

Pingamizi lilikubaliwa kwa sehemu kubwa. Ushuru wa makazi wa 2019 hadi 2022 uliishia 595,800: 230,400 na 156,000 kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha 99,000 na 110,400 kwa wana wawili peke yao. Mwaka 2023 ulikuwa 115,200, nje ya msamaha, ukalipwa Julai 2024 na nyongeza ya karibu 19,000: faini ya 5% na riba ya 1% kwa mwezi.

Daftari la keyateka ndilo lililoshinda. Safu ya "B" ililingana na miezi ambayo M-Pesa ilikuwa kimya, na ukurasa wa Mei 2020, ulioingia maji ukakaushwa juani, una "B" saba mfululizo kati ya milango kumi na miwili. Hakuna mtu anayetunga daftari la namna hiyo baada ya miaka minne.

Muuguzi alilipa yake kando: 62,910 kwa 2021, 71,460 kwa 2022, na 75,060 kwa 2023. Ndugu yake wa kiume, mwenye fungu mara mbili, alilipa 57,600 kwa 2023. Mwaka 2024 kiwango kiliposhuka hadi 7.5%, ya kaka ikawa 43,200 na ya dada haikushuka.

## Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kenya hukusanya ushuru kati ya 14% na 17% ya pato la taifa, kutegemea unachojumlisha. Nchi tajiri za OECD hukusanya kama 34% kwa wastani. Watu hupenda kueleza pengo hilo kwa tabia: ufisadi huku, ukaidi kule. Vyote vipo. Lakini ghorofa hii inaonyesha jambo la kawaida zaidi: serikali hutoza inachokiona, na inakiona pale mtu wa tatu anapokuwa na sababu ya kusema.

Tazama mji wenyewe. Kontena likishuka Kilindini lina namba, lina hati ya meli, lina mlango mmoja wa kutokea. Si ajabu nchi zinazoendelea zimeegemea forodha kwa muda mrefu, wala si ajabu Mombasa ilikuwa na forodhani karne nyingi kabla Kenya haijaanza ushuru wa mapato mwaka 1937. Wakoloni nao walipotaka kutoza bara walianza mwaka 1901 na vibanda, kwa kuwa kibanda unakihesabu kwa macho. Mshahara wa muuguzi ni kama kontena: mwajiri anaukata kabla haujamfikia. Kodi ya fleti haina bandari. Wapangaji kumi na wawili hawahitaji risiti kwa lolote, kwa hiyo hakuna hata mmoja wao mwenye faida ya kumfanya mwenye nyumba aonekane. Duka moja lilikuwa na faida hiyo, na ankara yake moja ilifanya kazi ambayo miaka minane ya matangazo haikufanya.

Hapo ndipo muundo wa uchumi unapoingia. Kwa hesabu za taifa zaidi ya 80% ya watu wenye kazi Kenya wako katika sekta isiyo rasmi. Mnyororo wa ankara unafika mbali pale tu biashara rasmi zinapofuatana. Hapa uliingia kwa duka ukakwama hatua moja mbele: muuguzi alipotaka kutoa ijara kama gharama ya 2024, familia yenye kiwanja ilikataa kutoa ankara yoyote. Fundi wa mabomba naye hana eTIMS. Asiyetaka kuonekana humfanya jirani yake alipe zaidi, na jirani hana njia ya kumlazimisha.

Kiwango cha chini juu ya kodi ghafi pia kilifanya kazi, ingawa wanauchumi wengi hawakipendi kwa kuwa hakijali gharama. Tulipima: mwana mkubwa angechagua kwa maandishi kutoka kwenye ushuru wa makazi na kutoa fungu lake la gharama, 75,600, angebaki na 500,400, na baada ya unafuu binafsi angelipa 58,720. Kwa 7.5% analipa 43,200 na hatunzi risiti hata moja. Kwa mtu ambaye rekodi yake ni daftari la keyateka, urahisi huo una thamani. Kuna tahadhari: haya ni ya mkazi. Angekuwapo ndugu mmoja anayeishi Muscat, fungu lake lingekatwa 30% ya kodi ghafi, na kisa kingekuwa kingine kabisa.

## Uchambuzi: kilichokwama

Ardhi ndiyo iliyokwama mapema zaidi. Katiba ya 2010, kifungu cha 209, inaipa kaunti mamlaka ya kutoza ada za mali isiyohamishika. Kwa desturi ya miji yetu ada hiyo hukadiriwa kwa thamani ya kiwanja kama kingekuwa kitupu. Kwa hiyo bili inakwenda kwa mwenye udongo, ghorofa haimo ndani yake, na aliyejenga hana hati inayomtaja popote. Mwaka 2019 ofisa angefungua sajili zote za ardhi asingekuta milango kumi na tano. Angesimama chini ya ngazi angekuta mita kumi na tano za tokeni ukutani, zimepangwa safu tatu, kila moja na namba ya mlango kwa rangi nyekundu. Taarifa ilikuwapo, ila katika ofisi nyingine, na ofisi zinapokutanisha taarifa zake ndipo uwezo wa kutoza hupanda bila kuongeza kiwango hata nukta moja. Kutegemea hati miliki peke yake Mombasa ni kupoteza muda.

Gharama ya ukusanyaji nayo isipuuzwe. Miezi minne ya ofisa, mshauri wa kulipwa, safari zisizopungua kumi na nne, kwa deni la mara moja na kisha 86,400 kwa mwaka kutoka kwa wana wawili. Kiasi hicho ni nusu ya 172,800 ambazo nyumba hiyo hiyo ingetoa ingekuwa ya mtu mmoja.

Msamaha ulileta pesa, kisha ukaharibu funzo lake. Desemba 27, 2024 dirisha jipya lilifunguliwa, safari hii kwa madeni ya hadi mwisho wa 2023, likadumu hadi Juni 30, 2025. Ile 19,000 waliyolipa Julai juu ya ushuru wa 2023 ingesamehewa kama wangekaa kimya miezi sita tu. Msamaha haurudishi kilichokwisha lipwa. Mwana mdogo, yule aliyesema wangoje, amekuwa akilitaja jambo hilo mezani mara kwa mara, na ni vigumu kumwambia amekosea.

Sheria isiyotulia ni hasara nyingine isiyoingia kwenye takwimu. Mnamo Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufani ilitangaza kuwa Sheria nzima ya Fedha ya 2023 ni kinyume cha Katiba. Ndiyo sheria iliyoleta 7.5%, ndiyo iliyoleta msamaha waliokuwa wametoka kuutumia. Mahakama ya Juu ilisimamisha uamuzi huo Agosti, na Oktoba 29 ikaubatilisha. Katikati, kila ifikapo tarehe 20, mwana mkubwa alipiga simu kuuliza swali lile lile: saba na nusu au kumi? Mshauri aliendelea na 7.5% na kuandika kumbukumbu ya sababu. Wenye nyumba wengine wa mtaani waliacha kulipa hadi "mambo yajulikane", na wengine wao hawajarudi.

Kasoro kubwa kuliko zote, kwa maoni yetu, ni kizingiti chenyewe. Ushuru unaoanza ghafla juu ya kodi yote mara tu unapovuka mpaka hufanya watu waishi kwa kuuangalia mpaka, na hapa mpaka uliwatendea warithi wa nyumba moja kwa namna tatu. Mwenye fungu kubwa alilipa 7.5% ya ghafi. Wasio na kazi hawakulipa. Mwenye mshahara na fungu dogo alilipa 30% ya kilichobaki, zaidi ya kaka yake kwa shilingi na kwa asilimia. Anayetunga sheria akiwa na mwenye nyumba mmoja kichwani hawezi kuona hili. Lakini Pwani nyumba nyingi za kupangisha ni za mirathi, na kila kifo hukata msingi wa ushuru vipande vipande.

Muuguzi alifanya hesabu na kuleta pendekezo: pandisha kodi kila fleti kwa shilingi 100 tu. Jumla ingekuwa 2,318,400, thumuni 289,800, na yeye angeingia kwenye ushuru wa makazi, alipe 21,735 badala ya 75,060. Wakati huo huo mama na dada zake wawili wangetoka sufuri hadi 21,735 kila mmoja. Kikao cha familia kilichukua jioni mbili. Mabinti wawili walisema hawawezi kulipia mshahara wa dada yao. Bi mkubwa aliuliza kama shilingi mia zinaweza kuondolewa tena mwakani.

Walichoamua hatimaye kilitokana na soko zaidi ya ushuru. Januari 2025 fleti za vyumba viwili zilipanda hadi 19,000, makazi yakawa 2,400,000 kwa mwaka, thumuni 300,000, na wote sita wakaingia kwa 7.5%: 22,500 kwa kila mwenye thumuni, 180,000 kwa nyumba nzima. Ofisi ya ushuru sasa inapata zaidi ya ilichokuwa ikipata 2024, kutoka kwa PIN sita zinazowasilisha kila mwezi.

Hapo kuna mtego ambao mshauri aliuweka wazi kwa maandishi. Kizingiti ni cha mwaka, malipo ni ya mwezi. Thumuni ya 300,000 iko juu ya mpaka kwa 12,000 tu. Fleti mbili za vyumba viwili zikikaa tupu miezi mitatu, nyumba inapoteza 114,000, thumuni inashuka hadi 285,750, na wanawake wanne wanakuwa wamelipa kila mwezi ushuru ambao mwisho wa mwaka hawakudaiwa. Watatu wataomba kurudishiwa. Wa nne atatakiwa kuongeza.

Mei 2025 milango miwili ya ghorofa ya tatu ilikuwa na karatasi ya "Nyumba ya kupangisha". Keyateka, ambaye sasa anapiga picha kila ukurasa na kuutuma kwa mshauri kabla ya tarehe 10, hakuandika "B" kwenye milango hiyo. Alichora mstari, na chini yake akaweka tarehe.